Tunakomboa Nini Tunapokomboa Pointi?

Lugha ya Kiswahili ina neno moja dogo ambalo huwatatiza wanafunzi wangu wa semantiki kila mwaka, nalo ni neno "bure". Kitu kitolewacho bila malipo ni cha bure. Jitihada isiyozaa matunda ni kazi bure. Mtu asiyefaa kwa lolote huitwa mtu bure. Mgeni anayejifunza lugha hii hustaajabu iweje neno lile lile libebe neema na hasara kwa pamoja, ilhali mzawa wa lugha hajisumbui nalo, kwa kuwa muktadha humwonyesha njia. Nimelikumbuka neno hili kwa sababu ya jambo ambalo kwa juu juu halina uhusiano wowote na isimu. Ni zile pointi ambazo benki, kampuni za simu, maduka makuu na mashirika ya ndege hutugawia kila tutumiapo fedha zetu, kisha hutualika "tuzikomboe" ili tujipatie vitu vya bure.

Yamkini msomaji atauliza mhadhiri wa isimu anatafuta nini katika shughuli za mabenki. Jibu langu ni kwamba biashara hii yote imejengwa kwa maneno kabla ya kujengwa kwa hesabu, na mwalimu au mwanafunzi asiyeyachungua maneno yake hataifikia hesabu kamwe. Tena fedha zinazohusika si haba kwa mtu wa mshahara. Mwalimu mwenye kadi ya mkopo, mwanafunzi mwenye simu tu, mzazi anayenunua unga na sukari katika duka lenye kadi ya wateja, wote wana akiba fulani isiyoitwa akiba. Wengi wao huipoteza, ama kwa kuisahau, ama kwa kuitumia ovyo wakidhani wamepewa.

Tulianze neno "komboa". Hukombolewa kitu ambacho ni chetu tayari, ila kimo mikononi mwa mwingine. Tunakomboa shamba lililowekwa rehani. Mateka hukombolewa. Nchi yetu ilikombolewa. Hakuna aliyewahi kukomboa zawadi ya siku ya kuzaliwa, kwa maana zawadi haikuwa yake kabla ya kupewa. Kwa hiyo, kampuni zinapotuita tukakomboe pointi, huwa zimesema ukweli mkubwa kuliko zilivyokusudia. Pointi ni mali yetu iliyo rehani kwao. Lakini mstari unaofuata katika tangazo lilo hilo huziita "zawadi" au "tuzo", na hapo ukweli unafukiwa upya. Zawadi hutolewa kwa mapenzi, tuzo hupewa aliyeshinda. Mimi ninayenunua sabuni sijapendwa na mtu wala sijashindana na yeyote.

Ukitaka jambo linalokaribiana nazo katika maisha yetu, nenda sokoni. Mama muuza nyanya akishakupimia fungu lako hukuongezea mbili juu yake, nasi huita nyongeza. Nyongeza ya sokoni unaiona kwa macho, unaitia kikapuni na kwenda nayo nyumbani siku ile ile. Pointi ni nyongeza ambayo muuzaji amebaki nayo. Hukuandikia kwenye daftari lake kwamba una nyanya kadhaa, kisha baada ya miezi sita hukuarifu kwamba nyanya zako zimegeuka vitunguu, na kwamba bei ya vitunguu ataiamua yeye. Mimi ningeziita kipunguzo cha bei kilichocheleweshwa. Ni jina refu, lisilopendeza katika bango, lakini linaeleza kitu kilivyo.

Hata majina ya mipango yenyewe yana utamu wake kwa mtu wa taaluma yangu. Safaricom ilipoanzisha mpango wake mwaka wa 2007 iliuita Bonga, neno la Sheng lenye maana ya kuzungumza, kwa kuwa wakati huo pointi zilitokana hasa na kuzungumza kwa simu. Shirika la ndege la Kenya Airways, baada ya miaka mingi ya kuutumia mpango wa Flying Blue wa Air France na KLM, lilianzisha wake na kuuita Asante. Ni jina zuri, lakini halisemi ni nani anayemshukuru mwenziwe.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, tangu mwaka wa 1896, kampuni ya Sperry and Hutchinson iliwauzia wenye maduka stempu za kijani, nao wakawagawia wateja kulingana na manunuzi yao. Mteja alizilamba na kuzibandika katika kijitabu, na kijitabu kilichojaa kilikuwa na stempu 1,200. Alikipeleka kwenye duka maalumu akabadilishiwa taa, blanketi au sufuria. Mwaka wa 1981 shirika la ndege la American Airlines lilianza kuwahesabia wasafiri maili walizosafiri na kuwalipa kwa tiketi, na baadaye kadi za mkopo zikaungana na maili hizo. Stempu zimetoweka, ila mantiki yake imebaki ile ile.

Nani hulipia vitu hivyo? Mteja anapolipa kwa kadi, mwenye duka hapokei fedha zote. Sehemu fulani hukatwa na kugawanywa kati ya mabenki na mtandao wa kadi, na katika sehemu hiyo ndimo hutoka pointi. Mwenye duka naye si mjinga. Gharama hiyo huiingiza katika bei ya bidhaa, na bei hiyo humkuta kila mnunuzi, awe na kadi au awe na noti mkononi. Maana yake ni kwamba yule mzee anayelipa kwa sarafu alizozifunga katika leso anachangia kidogo tiketi ya ndege ya mwenye kadi. Sisemi haya ili mwenye kadi aone haya. Nasema ili asijidanganye kwamba kuna mfadhili mahali fulani. Amekwisha kulipa, na madhali amelipa, ana haki ya kudai kipunguzo chake chote badala ya nusu.

Sasa niingie katika hesabu, na nitaiingia kwa mfano wa mtu ninayemfahamu. Katika masomo ya likizo, wakati walimu wanapokuja chuoni kujiendeleza, mwalimu mmoja wa Kiswahili anayefundisha upande wa Kisumu alinijia baada ya mhadhara akiwa na simu mkononi. Benki yake, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imemwandikia kwamba ana pointi 12,000 na kwamba muda wake ungekwisha mwishoni mwa mwezi.

"Daktari," akaniambia, "hawa wananipa ndege ya bure ya kunirudisha nyumbani. Mbona nahisi kama kuna mtego?"

"Mwalimu," nikamjibu, "tuketi tupige hesabu kwanza."

Alikuwa na njia nne za kuzitumia pointi zake. Ya kwanza ilikuwa mashine ya kusagia matunda katika orodha ya bidhaa za benki. Ya pili, vocha ya shilingi 6,000 ya duka kuu. Ya tatu, tiketi ya ndege ya Nairobi hadi Kisumu, ambayo siku hiyo iliuzwa kwa shilingi 9,800, lakini mwenye pointi alitakiwa bado kulipa shilingi 1,900 taslimu za kodi na ada. Ya nne, kupunguziwa deni la kadi yake kwa shilingi 4,800.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi mno, na mwanafunzi yeyote aliyefunzwa uwiano anaiweza. Chukua bei ya kitu kwa fedha, ondoa fedha unazotakiwa kuongeza, kisha gawanya kwa idadi ya pointi. Ile mashine benki ilikuwa imeisifu kuwa ya thamani kubwa, lakini tulipouliza bei yake dukani tukaambiwa shilingi 4,500. Gawanya kwa 12,000 unapata senti 37 na nusu kwa kila pointi. Deni lilitoa senti 40. Vocha ilitoa senti 50. Ndege, yaani 9,800 ukiondoa 1,900, ilitoa 7,900, ambazo ni karibu senti 66 kwa pointi. Kwa hesabu hiyo ndege imeshinda kwa mbali, na hivi ndivyo wajuzi wengi wa mambo haya wanavyohesabu. Wataalamu wa maili huko ng'ambo hujivuna kwamba wamesafiri katika viti vya daraja la kwanza ambavyo bei yake ingenunua gari kuukuu.

Lakini hapa ndipo kanuni ya kwanza inapomponza mtu, na ndipo nilipomuuliza Mwalimu swali ambalo benki haikumuuliza. Je, lau pasingekuwa na pointi, angesafiri vipi? Akacheka. Angesafiri kwa matatu, kama alivyofanya sikuzote, kwa shilingi 1,500. Tazama basi. Ili apande ndege "ya bure", angetoa taslimu shilingi 1,900. Hizo peke yake zinazidi nauli ya matatu kwa shilingi 400, na juu ya hapo angepoteza pointi zote 12,000. Tiketi ile ilikuwa na thamani ya shilingi 9,800 kwa mtu ambaye alikuwa tayari kutoa shilingi 9,800. Kwake yeye thamani yake ilikuwa nauli ya matatu, pamoja na chochote ambacho angekubali kukilipia ule wepesi wa safari. Nilimuuliza wepesi huo angeununua kwa kiasi gani. Akafikiri, akasema labda elfu moja. Basi tiketi ilikuwa na thamani ya shilingi 2,500 kwake. Ukiondoa 1,900 zinabaki 600, na 600 ukizigawanya kwa 12,000 unapata senti 5 kwa pointi. Ile iliyokuwa ya kwanza katika orodha ikashuka hadi chini kabisa.

Nisieleweke vibaya. Laiti angekuwa amepata habari ya msiba au ya mahojiano ya kazi ya kesho yake asubuhi, akawa hana budi kupanda ndege na kuilipia kwa fedha zake, tiketi ile ingekuwa tena na senti zake 66, nami ningemsihi aichukue mara moja. Pointi ile ile ina thamani mbili kwa mtu yule yule, kulingana na lile analolazimika kufanya. Wanaisimu tumezoea jambo hili. Neno halina maana moja iliyolala katika kamusi ikingoja kuokotwa, bali maana yake hukamilika katika matumizi. Pointi ni vivyo hivyo, na ndiyo sababu jedwali lolote linalodai kukuambia pointi "ina thamani ya kiasi fulani" ni la kusomwa kwa hadhari.

Ikabaki vocha, na deni, na mashine ya matunda. Mashine tuliiacha bila mjadala, kwani Mwalimu hakuwa amepanga kununua kitu kama hicho, na kitu ambacho hukukusudia kukinunua huwezi kukihesabia bei ya dukani. Kuhusu deni alisita, na alikuwa na sababu nzuri. Kadi yake ilikuwa na deni la shilingi 60,000 alilokuwa ameshindwa kulimaliza, nayo ilimtoza riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. "Si bora nipunguze deni kuliko kununua sukari?" akauliza.

Swali hili huwababaisha watu wengi wenye akili timamu. Mwanawe alikuwa karibu kurudi shule ya bweni, na orodha ya mahitaji ilikuwa tayari: sabuni, dawa ya meno, sukari, madaftari, karatasi za chooni. Fedha za kuvinunua alikuwa ameshazitenga katika mshahara. Akichukua vocha na kuvinunua kwayo, shilingi 6,000 za mshahara zinabaki mfukoni bila kazi, naye anaweza kuzipeleka benki zikalipe deni. Kwa njia hiyo deni linapungua kwa 6,000, wakati ambapo njia ya moja kwa moja ingelipunguza kwa 4,800 tu. Tofauti ni shilingi 1,200, kwa kupitia dukani kwanza. Lakini kuna sharti, na sharti hilo halimo katika karatasi za benki. Lazima zile 6,000 zifike kwenye deni kweli. Zikibaki mfukoni zikaishia kwenye soda na nauli za bodaboda, basi afadhali angechukua 4,800 na kuyamaliza. Mtu anayejijua kuwa mfuko wake unavuja achague njia isiyopitia mfukoni.

Deni hilo ndilo lililonihuzunisha kuliko pointi zenyewe. Kadi yake ilimpa pointi 1 kwa kila shilingi 100 alizotumia. Ili kuzipata pointi 12,000 alikuwa ametumia shilingi 1,200,000 kwa muda wa miaka. Kwa thamani ya senti 50 kwa pointi, kipunguzo chake ni nusu shilingi katika kila shilingi 100. Kwa upande wa pili, shilingi 60,000 za deni humtoa riba ya shilingi 2,100 kwa mwezi mmoja, ilhali pointi alizopata kwa kuzitumia hizo 60,000 ni 600, yaani shilingi 300. Riba ya mwezi mmoja imekula pointi zake mara saba. Tena kuna ada ya kadi ya kila mwaka. Kama ada ni shilingi 3,500, basi pointi 7,000 za kwanza za mwaka, zitokanazo na matumizi ya shilingi 700,000, zinairudisha ada hiyo tu, na kipunguzo chenyewe hakijaanza. Kwa mtu anayelipa deni lake lote kila mwezi kabla ya tarehe, pointi ni faida halisi ingawa ndogo. Kwa mtu anayelipa kidogo kidogo, pointi ni chambo, na samaki ni yeye.

Mwanafunzi asiye na kadi ya mkopo asidhani mambo haya hayamhusu. Pointi za Bonga huhesabiwa 1 kwa kila shilingi 10 za matumizi. Mwaka wa 2020, wakati wa janga la korona, Safaricom iliruhusu pointi hizo zilipie bidhaa madukani kwa njia ya Lipa na M-Pesa, pointi moja ikihesabiwa senti 30. Kwa kiwango hicho, shilingi 100 za matumizi zilizaa pointi 10, nazo ni shilingi 3. Asilimia tatu! Kadi ya mkopo ya Mwalimu wetu haioni hata vumbi lake. Na katika orodha iyo hiyo ya simu, kukomboa dakika za maongezi, au data, au simu mpya, kila kimoja kina kiwango chake. Anayetaka kujua apige mgawanyo ule ule wa bei kwa pointi, kisha ajiulize lile swali la matatu na ndege. Kando ya barabara zetu kuna vibanda vyenye mabango ya kununua pointi za watu kwa fedha taslimu. Bei za vibanda hivyo sizisifu, lakini kuwepo kwavyo ni ushahidi kwamba kitu tunachoambiwa ni zawadi kina soko, na wapo walioijua hesabu yake kabla yetu.

Je, mtu akusanye hadi lini? Wengine huziacha pointi zirundikane miaka na miaka kama mtu anayefuga ng'ombe asiyemkama. Tabia hii siioni kuwa busara, na historia iko upande wangu. Shilingi ya akiba benki huzaa japo riba kidogo. Pointi haizai kitu, na anayeipanga bei yake ni yule yule anayedaiwa. Mwaka wa 2015 shirika la ndege la Delta la Marekani liliondoa jedwali lililowaonyesha wasafiri idadi ya maili inayohitajika kwa kila safari, na tangu hapo msafiri huijua bei anapotafuta tiketi, si kabla. Hapa kwetu, mwaka wa 2022, Safaricom ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2023 pointi zilizokaa zaidi ya miaka 3 zingefutwa. Wateja walilalamika na mpango huo ukasitishwa, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa kwa mwenye masikio. Na wasomaji wengi watakumbuka Nakumatt. Duka kuu hilo lilianza kufunga matawi yake kwa wingi mwaka wa 2017, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura livunjwe. Wenye kuliuzia bidhaa, wenye majengo na mabenki walijipanga foleni ya madai. Mwenye kadi ya pointi alibaki na kipande cha plastiki. Hakuna aliyemwita mkutanoni, kwa kuwa hakuhesabiwa kuwa mdai, ingawa kwa Kiswahili sanifu alikuwa anadai.

Nimewahi kuyapeleka masharti ya mpango wa aina hii darasani, nikayafuta majina ya wenyewe, nikawaambia wanafunzi wayachambue kama wanavyochambua matini nyingine yoyote. Walichokigundua kilinifurahisha. Mahali penye faida, vitenzi vyote vilikuwa katika hali ya kuamrisha na mtenda alikuwa wewe: jishindie, furahia, komboa. Mahali penye hasara, kauli iligeuka ghafla ikawa ya kutendwa: pointi zinaweza kufutwa, viwango vinaweza kubadilishwa, ombi linaweza kukataliwa. Kiswahili kinaruhusu mtenda atajwe baada ya kauli hiyo kwa kiunganishi "na", lakini katika kurasa zote tano hakutajwa hata mara moja. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliinua mkono akasema kwamba kwa mujibu wa sarufi ya waraka ule, pointi hufutwa na upepo. Niliwapa zoezi la kuiandika upya kila sentensi kwa kauli ya kutenda, mtenda akitajwa waziwazi. Nalipendekeza zoezi hili kwa kila mwalimu wa lugha, kwani halihitaji kitabu kipya, na matini yake imo katika simu ya kila mzazi.

Mwalimu alichukua vocha. Kabla ya kuipokea alisoma masharti yake, akaona kwamba ilikuwa ya siku 90, haikubaliki katika kila tawi, na kwamba chenji haikurudishwa, kwa hiyo akapanga orodha ya mahitaji ya mtoto mpaka ikafika shilingi 6,000 na ushei. Zile za mshahara alizituma kwenye deni siku iyo hiyo, akiwa bado yumo dukani. Kisha akapanda matatu.

Muhula ulipofunguliwa aliwasimulia wanafunzi wake kisa hiki katika kipindi cha uandishi, nao wakamuuliza swali ambalo mimi sikulifikiria: kwa nini benki isimpe tu shilingi? Si swali la kitoto. Kadi ya Discover, iliyoanzishwa na kampuni ya Sears ya Marekani mwaka wa 1986, ilijipatia jina kwa kufanya hivyo hasa, kumrudishia mteja sehemu ya fedha zake kwa fedha. Mwalimu hakuwajibu. Aliwaambia waandike barua rasmi kwa meneja wa tawi, yenye anwani mbili, mtajo na mada, wamuulize swali hilo kwa adabu. Akachagua iliyo bora akaipeleka. Nilipozungumza naye mara ya mwisho, jibu lilikuwa halijafika.